Michezo ya Uani: Kijitabu cha Kaya kuhusu Kupasha Mwili Moto na Mazoezi ya Watoto wa Shule za Msingi

Kusudi la kijitabu

Kijitabu hiki kimekusudiwa wazazi, walezi na wakubwa wengine wa kaya wanaoishi na watoto wa shule za msingi, na kinaeleza namna ambavyo kazi inayoanzwa na mwalimu katika kipindi cha michezo inaweza kuendelezwa nyumbani kwa usalama na kwa furaha. Katika mwongozo wake wa mwaka 2020, Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwamba mtoto wa umri wa miaka 5 hadi 17 apate, kwa wastani wa juma zima, angalau dakika 60 kwa siku za kuushughulisha mwili kwa nguvu ya wastani au nguvu kubwa, na kwamba angalau siku 3 za juma ziwe na shughuli za nguvu kubwa pamoja na zile zinazoimarisha misuli na mifupa. Vipindi vichache vya michezo vilivyomo katika ratiba ya shule haviwezi kufikia kiwango hicho peke yake, kwa hiyo sehemu kubwa ya mazoezi ya mtoto ni lazima itokane na uani, barazani, kiwanjani na njiani, mahali ambapo msimamizi ni kaya yenyewe.

Nguvu ya zoezi hupimwa bila kifaa chochote. Zoezi ni la nguvu ya wastani iwapo mtoto anapumua haraka kuliko kawaida na anaweza kuzungumza lakini hawezi kuimba, na ni la nguvu kubwa iwapo anamudu maneno machache tu kabla ya kuvuta pumzi tena. Anayeimba wimbo mzima bila kukatika bado yumo katika hatua nyepesi, ambayo ndiyo hatua inayofaa kuanzia.

Yanayotokea ndani ya mwili wa mtoto

Mwili uliokuwa umekaa darasani kwa saa nyingi hauko tayari kukimbia ghafla, kwa sababu moyo unapiga polepole, damu inayofika kwenye misuli ya miguu ni kidogo na misuli yenyewe imepoa. Kupasha mwili moto, yaani kuanza kwa mienendo myepesi inayoongezeka nguvu hatua kwa hatua, huharakisha mapigo ya moyo, hupeleka damu na oksijeni kwenye misuli, huongeza joto la misuli ili ijikunje na kujinyoosha kwa urahisi, na hulainisha mwendo wa viungo, yaani maungio ya mifupa kama goti, nyonga na kifundo cha mguu. Pamoja na hayo, huuamsha ubongo na mishipa ya fahamu, hivyo kwamba mtoto anapata wepesi wa kusimama ghafla, kugeuka na kutua bila kuanguka.

Manufaa hayo yamethibitishwa pia kwa watoto wadogo. Shirikisho la Soka Duniani, FIFA, lina mpango wa kupasha mwili moto ulioandaliwa kwa ajili ya watoto wa umri wa miaka 7 hadi 13, nao una mazoezi ya kukimbia na kusimama, kuruka na kutua, kusawazisha mwili kwa mguu mmoja na kuanguka kwa namna salama. Utafiti uliofanyika Uswisi, Ujerumani, Uholanzi na Jamhuri ya Czech ulionyesha kwamba timu za watoto zilizoufuata mpango huo zilipata majeraha kwa kiasi cha karibu nusu ya yale yaliyozipata timu zilizojiandaa kwa njia zao za kawaida.

Hatua tatu za kupasha mwili moto

Dakika 5 hadi 10 zinatosha kumwandaa mtoto kwa mchezo, na mpangilio wake una hatua tatu zinazofuatana.

Hatua ya kwanza ni mwendo mwepesi wa mwili mzima. Mchakamchaka, yaani mbio za polepole za kundi zinazokwenda na wimbo, unaofahamika vizuri katika shule za Tanzania, unafaa sana hapa, kwa kuwa wimbo wenyewe huwazuia watoto kwenda kasi kupita kiasi: mbio zikizidi, sauti hukatika, na kiongozi hujua kwamba inafaa kupunguza mwendo. Katika ua mdogo usio na nafasi ya kukimbia, watoto wanaweza kukimbia wakiwa wamesimama mahali pamoja, au kucheza ukuti kwa kushikana mikono katika duara na kuzunguka.

Hatua ya pili ni kuzungusha na kutikisa viungo kwa utaratibu, kuanzia mabega na mikono, kushuka kwenye kiuno na nyonga, kisha magoti na vifundo vya miguu, kila kiungo kikipewa mizunguko 8 hadi 10 isiyo ya kasi. Kunyoosha misuli kwa kuivuta na kuishikilia kwa muda mrefu bila kusogea kusifanywe katika hatua hii, kwa sababu misuli iliyoshikiliwa kwa muda mrefu hupungukiwa na nguvu ya ghafla kwa kipindi kifupi. Zoezi hilo liachwe hadi mwisho wa mchezo, misuli ikiwa bado na joto.

Hatua ya tatu ni mienendo inayofanana na mchezo unaokuja, ikiwa imepambwa kwa raha ya kutosha. Mchezo wa nyama nyama, unaochezwa Tanzania na Kenya, ni mfano bora: kiongozi hutaja majina ya wanyama kwa haraka, na wachezaji huruka juu kila anapotajwa mnyama anayeliwa na kutulia anapotajwa asiyeliwa. Mchezo huo huwapa watoto miruko mifupi mingi bila wao kuhisi kwamba wanafanya mazoezi, na huwazoesha kusikiliza kabla ya kutenda. Mienendo ya wanyama nayo inafaa, kama vile kutembea kikaa, yaani kwa mikono na miguu huku tumbo likielekea juu, au kuruka kama chura kwa miruko michache.

Michezo inayojenga mapafu, misuli na mifupa

Baada ya mwili kupata joto, mtoto yuko tayari kwa mchezo wenyewe, na michezo ambayo watoto wa Afrika Mashariki huijua tangu utotoni inatosha kutimiza yote yanayopendekezwa na wataalamu, mradi ichaguliwe kwa kufuata kazi ambayo kila mmoja huifanya mwilini.

Michezo ya kukimbia na kufukuzana, kama kidali po na kombolela, huimarisha moyo na mapafu, kwa kuwa mtoto hukimbia kwa nguvu kwa muda mfupi, hupumzika akiwa amejificha au amekwepa, kisha hukimbia tena. Mpangilio huo wa juhudi na mapumziko unalingana na mwili wa mtoto kuliko mbio ndefu za mwendo mmoja, na ndiyo sababu watoto huweza kucheza hivyo kwa saa nzima ilhali huchoka mapema wakilazimishwa kuzunguka kiwanja.

Michezo ya kuruka huimarisha mifupa. Mfupa ni sehemu hai ya mwili, hujijenga kwa kadiri unavyobebeshwa kazi, na kila mguu unapotua chini hupokea msukumo unaouchochea kuongeza uimara wake. Sehemu kubwa ya uimara wa mifupa hujengeka kabla ya mtu kutimiza miaka 20, kwa hiyo mtoto anayeruka kamba leo anajiwekea akiba itakayomfaa uzeeni. Kamba ya katani, mpira wa kuruka unaoitwa blada nchini Kenya, na vyumba vilivyochorwa mchangani ili virukwe kwa mguu mmoja, vyote vina manufaa hayo. Mtoto afundishwe kutua kwa sehemu ya mbele ya wayo huku magoti yakiwa yamekunjwa kidogo na yakielekea mbele, kwa kuwa kutua kwa magoti yaliyonyooka au yanayogongana huumiza maungio.

Michezo ya kurusha na kukwepa hukuza ushirikiano wa macho, mikono na miguu. Katika rede, ambayo Wakenya huujua mchezo wa namna yake kwa jina la kati, wachezaji wawili husimama pande mbili na kurusha mpira kwa nia ya kumgusa aliye katikati, naye huinama, huruka na kugeuka ili asiguswe. Mpira wa soksi au wa matambara unafaa kuliko mpira mgumu, na watoto wakubaliane kwamba mtupo unaopita kimo cha mabega hauhesabiwi, ili macho na kichwa visiumizwe.

Misuli ya mikono, mgongo na tumbo huimarishwa kwa kuvutana kamba, kusukuma ukuta kwa viganja huku mwili ukiwa umenyooka, kupanda mti mfupi na imara chini ya uangalizi, na kubeba vitu visivyozidi uwezo wa mtoto. Kuteka maji na kufagia uwanja ni kazi za mwili kweli, lakini hazichukui nafasi ya mchezo. Ibara ya 31 ya Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 inatambua haki ya kila mtoto ya kupumzika na kucheza, na haki hiyo hupotea kimyakimya pale ambapo mtoto wa kike anabaki jikoni wakati kaka zake wako kiwanjani. Kaya yenye kugawa kazi kwa usawa humpa binti muda wake wa kuruka na kukimbia, hata siku za hedhi iwapo mwenyewe anajisikia vizuri, kwa kuwa hedhi haimkatazi mtu mazoezi.

Mazoezi yasiwe adhabu

Desturi ya kumwadhibu mtoto kwa kumrusha kichura, kumpigisha magoti au kumkimbiza juani inapaswa kuachwa nyumbani na shuleni, kwa sababu mbili. Kwanza, miruko mingi ya kuchuchumaa inayofanywa bila maandalizi, na kwa mwili uliochoka, huweza kuumiza magoti na kuchana misuli. Pili, mtoto aliyezoea kuona zoezi likija pamoja na aibu na maumivu hujifunza kulikimbia, na akishakuwa mtu mzima hulikimbia vilevile, wakati ambapo shinikizo la damu, kisukari na unene uliopita kiasi vinamtaka awe na mazoea ya kufanya mazoezi.

Kupoza mwili na kulinda usalama

Mchezo ukikaribia kwisha, watoto watembee polepole kwa dakika 3 hadi 5 badala ya kuketi ghafla, ili mapigo ya moyo yarudi taratibu, kisha wanyooshe misuli ya nyuma ya paja, ya mbele ya paja na ya muundi, kila mmoja kwa sekunde 15 hadi 30, bila kurukaruka na bila kuvuta hadi maumivu.

Mahali pa kuchezea pakaguliwe kila siku na kuondolewa vioo, misumari na mawe, na visima na mashimo yafunikwe. Viatu vinavyomtosha mtoto humkinga na majeraha na pia na safura, minyoo ambayo viluwiluwi vyake hupenya ngozi ya mguu ulio peku katika udongo uliochafuliwa na kinyesi. Saa za asubuhi na za alasiri, jua likiwa limepungua ukali, ndizo zinazofaa, na mtoto anywe maji safi kabla ya kucheza na katika kila mapumziko bila kungoja kiu. Akipata kizunguzungu, kichefuchefu au kuchanganyikiwa kutokana na joto, apelekwe kivulini, apozwe kwa maji na kupepewa, na akikosa nafuu upesi au akiwa amechanganyikiwa apelekwe kituo cha afya bila kuchelewa. Kifundo kilichoteguka kipumzishwe, kiwekewe kitambaa chenye maji baridi na kuinuliwa juu kidogo, wala kisichuliwe kwa nguvu.

Watoto wenye hali maalumu

Mtoto mwenye homa asicheze hadi apone. Mwenye pumu hufaidika hasa na upashaji wa polepole, kwa kuwa hupunguza uwezekano wa kubanwa na kifua, na dawa yake ya kuvuta iwe karibu. Mwenye seli mundu anaweza kucheza kwa kipimo, akipumzika na kunywa maji mara kwa mara na kuepuka baridi na uchovu mkubwa, kwa kufuata ushauri wa daktari wake. Mtoto mwenye ulemavu abadilishiwe kanuni ili acheze na wenzake: mpira wenye njuga ndani humwongoza asiyeona, na mwenye kiti cha magurudumu anaweza kurusha, kulenga na kuongoza mchezo. Mtoto yeyote anayezimia au kulalamikia maumivu ya kifua wakati wa mazoezi asimamishwe na kupelekwa kwa mganga kabla ya kucheza tena.

Wajibu wa kaya

Wajibu wa kaya unaweza kupangwa katika mambo matatu, ambayo ni muda, mahali na mkubwa anayetazama. Muda uwe saa moja inayojulikana na wote, baada ya kazi za shule na kabla ya magharibi, isiyochukuliwa na televisheni wala simu. Mahali pawe salama hata pakiwa padogo. Na mkubwa anayetazama aingie mchezoni mara kwa mara, kwa kuwa mtoto hushika zaidi analoliona likitendwa kuliko analoambiwa. Shule na nyumba zikifuata utaratibu mmoja wa kupasha, kucheza na kupoza, mtoto hujifunza kuutunza mwili wake, na elimu hiyo hudumu naye hata baada ya kumaliza shule.