Maswali ya Mdomo ya Mfamasia na Usalama wa Mgonjwa

Anayetaka kuwa mfamasia nchini Tanzania husoma shahada ya miaka 4 katika chuo kama Muhimbili, Dar es Salaam, au Bugando, Mwanza. Baada ya hapo hufanya kazi kwa vitendo mwaka 1 chini ya usimamizi, kisha hupimwa kabla ya kusajiliwa na Baraza la Famasi kwa mujibu wa Sheria ya Famasi, Sura ya 311. Katika safari hiyo hukutana na maswali ya mdomo, na hapo ndipo wengi waliofaulu vizuri kwenye karatasi hujikwaa.

Somo hili linawahusu vijana wanaojiandaa kwa maswali hayo. Linawahusu pia wakazi wote, kwa sababu jibu ambalo mtahiniwa hudaiwa na watahini ndilo jibu ambalo mgonjwa anastahili kupewa dirishani.

Hatua nne za jibu

Mtahini hatafuti jina la dawa peke yake. Hutaka kuona mtahiniwa akipita hatua nne kwa utaratibu: kuuliza kwanza, kuamua, kueleza, na kuhakikisha kwamba mgonjwa ameelewa. Anayekimbilia kutaja dawa kabla ya kuuliza umri, uzito, ujauzito, mzio na dawa nyingine anazotumia mgonjwa huwa amekwisha kukosea, hata kama dawa aliyoitaja ni sahihi.

Mfano wa kwanza: malaria

Baba anataka dawa ya malaria kwa mtoto wa kilo 18, lakini fedha zake zinatosha nusu ya dozi. Mtahiniwa afanye nini? Ataanza kwa kuuliza kama mtoto amepimwa, maana si kila homa ni malaria. Kama amethibitika kuwa na malaria isiyo kali, mtoto wa kilo 15 hadi chini ya 25 hupewa vidonge 2 vya ALu kwa kila mara. Dozi ya pili hutolewa saa 8 baada ya ile ya kwanza, kisha asubuhi na jioni kwa siku mbili zinazofuata. Jumla ni vidonge 12 kwa siku 3, navyo humezwa pamoja na chakula au maziwa, kwa kuwa mafuta ya chakula huusaidia mwili kuipokea dawa.

Nusu ya dozi haiuzwi. Homa yaweza kushuka huku vimelea vikibaki mwilini, na ugonjwa ukarudi. Mtahiniwa mwenye busara humwelekeza baba huyo kwenye zahanati. Mtoto mwenye degedege, anayetapika kila kitu au aliyelegea hupelekwa huko mara moja bila kusubiri.

Mfano wa pili: kikohozi cha mchimbaji

Mchimbaji mdogo kutoka Rwamgasa amekohoa wiki tatu na anaomba antibiotiki. Swali hili ni la kawaida katika ukanda wa dhahabu, nalo lina mtego. Kikohozi cha wiki mbili au zaidi humtaka mgonjwa apimwe kifua kikuu, na mwenye kuvuta vumbi la mawe yumo katika kundi lenye hatari kubwa zaidi. Baadhi ya antibiotiki zaweza kumpa nafuu ya muda, zikachelewesha utambuzi wa ugonjwa huku akiwaambukiza wenzake kambini. Jibu sahihi ni kutomuuzia, kumweleza sababu kwa heshima, na kumwelekeza kituoni akatoe makohozi. Amweleze pia kwamba matibabu ya kifua kikuu hutolewa bila malipo.

Mfano wa tatu: kuharisha

Mama anaomba antibiotiki kwa mtoto wa mwaka mmoja anayeharisha majimaji. Mtahiniwa huuliza kama kuna damu kwenye choo, kama macho yamedidimia, na kama mtoto anaweza kunywa. Pasipo dalili za hatari, tiba ni ORS iliyochanganywa na maji safi kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti na kumwagwa baada ya saa 24, pamoja na zinki miligramu 20 kila siku kwa siku 10 hadi 14. Mtoto aendelee kunyonya na kula. Antibiotiki zikitumiwa pasipo haja huzidisha usugu wa vimelea dhidi ya dawa.

Namna ya kujiandaa

Msingi wa maandalizi ni Mwongozo wa Taifa wa Matibabu na Orodha ya Taifa ya Dawa Muhimu. Hata hivyo, kuusoma kimyakimya hakutoshi. Mtahiniwa aketi na wenzake wawili: mmoja awe mgonjwa, mwingine awe mtahini, kisha wabadilishane. Kila jibu alitoe kwa istilahi za kitaalamu, halafu alirudie kwa Kiswahili chepesi, na kwa Kisukuma akiweza, hadi msikilizaji aweze kuyarudia maelekezo bila kukosea. Asipolijua jibu, aseme wazi kwamba ataangalia mwongozo au kushauriana na daktari. Kubahatisha kipimo cha dawa mbele ya watahini humnyima alama. Kubahatisha dirishani huweza kuua.

Sehemu ya mkazi

Kabla ya kuondoka duka la dawa, mkazi aulize mambo matano: dawa hii ni ya nini, nimeze kiasi gani na saa ngapi, kwa siku ngapi, nitarajie madhara gani, na dalili zipi zinirudishe kituoni haraka. Ana haki pia ya kumwuliza anayemhudumia kama amesajiliwa. Mtoa huduma aliyeandaliwa vyema hataudhika kwa maswali hayo, kwa sababu amekwisha kuyajibu mbele ya watahini wake.