Utumbo Uliovimba Miaka Mingi na Ugonjwa wa Kusahau

Mtu anaharisha wiki tatu, choo kina damu na ute. Anapimwa, anaambiwa ni amiba, anapewa dozi. Anapata nafuu. Mwezi unaofuata tumbo linaanza tena, na safari hii anaambiwa ni taifodi. Mara nyingi huwa ni maambukizi kweli. Lakini hali ikijirudia kwa miezi, huenda kinga ya mwili imeugeukia utumbo wenyewe na inaushambulia bila kukoma. Magonjwa makuu ya namna hiyo ni mawili. Kolaitisi ya vidonda hushika utumbo mpana. Ugonjwa wa Crohn huweza kushika popote kuanzia mdomoni hadi njia ya haja kubwa, hasa mwisho wa utumbo mwembamba. Magonjwa haya hayaambukizi, wala si vile vidonda vya tumbo ambavyo wengi wetu tunavijua.

Ubongo unaingiaje hapa?

Taiwan ina bima ya afya ya taifa inayowagusa karibu wananchi wote. Kwa kumbukumbu zake, watafiti waliwafuatilia wagonjwa 1,742 wa magonjwa haya ya utumbo, wenye miaka 45 na zaidi, pamoja na watu 17,420 wasio nayo. Katika miaka 16, asilimia 5.5 ya wagonjwa walipata dimensia, yaani ule ugonjwa wa kusahau unaowapata hasa wazee. Kwa wenzao ilikuwa asilimia 1.4. Tena iliwawahi: kwa wastani waligunduliwa nayo wakiwa na miaka 76, wenzao 83. Kwa familia inayouguza mzee, miaka saba si kitu kidogo.

Denmark nayo ilipekua kumbukumbu za taifa zima ikakuta ongezeko dogo tu la dimensia kwa wagonjwa hawa. Kwa hiyo anayekuambia kwamba ugonjwa wa utumbo ndio unaoleta dimensia anasema zaidi ya kinachojulikana. Uhusiano upo, lakini kwamba kimoja husababisha kingine bado haijathibitishwa.

Maelezo yanayotolewa kuhusu uhusiano huo ni haya. Ukuta wa utumbo ukivimba, hulegea na kupitisha mabaki ya bakteria yakaingia kwenye damu. Kinga huamka na kumwaga kemikali zinazoufikia hata ubongo, na chembe za ulinzi huko nazo huchachamaa. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, walichapisha vipimo vya choo vya watu 125. Walitafuta kalprotektini, protini inayoongezeka utumbo unapovimba. Ilikuwa juu zaidi kwa wenye mrundikano wa protini iitwayo amiloidi ubongoni, ambao ni alama ya ugonjwa wa Alzheimer, aina mojawapo ya dimensia.

Usisahau vitamini B12

Hapa hakuna ubishi. B12 hufyonzwa mwishoni mwa utumbo mwembamba, palepale Crohn inapopenda kukaa. Sehemu hiyo ikiharibika, au ikikatwa kwa upasuaji, akiba iliyo kwenye ini huisha polepole kwa miaka. Miguu inakufa ganzi, mwendo unayumba, kumbukumbu inapotea. Nyumbani watu husema ni uzee, au mama karogwa, kumbe kipimo cha damu kingeonyesha tatizo na sindano zingesaidia, hasa zikianza mapema.

La kufanya

Kuhara kukizidi wiki nne, au ukiona damu chooni, unakonda, au tumbo linakuamsha usiku, omba rufaa ukapimwe utumbo kwa kamera. Diklofenaki na ibuprofeni usizimeze kiholela kila kiungo kinapouma. Zinaweza kuuamsha ugonjwa uliotulia. Ukishapewa dawa za kuutuliza, usiziache kwa sababu tu tumbo limenyamaza. Sigara huzidisha Crohn, na yenyewe huongeza hatari ya dimensia, sawa na shinikizo la damu lisilotibiwa.

Mgonjwa wa utumbo akianza kusahau, mweleze daktari habari za tumbo hata asipouliza, ukitaja na operesheni ya zamani. Anayechunguza kumbukumbu si rahisi akauliza habari za choo.