Mkataba ni Amana: Somo Kutoka Bujagali



Ndugu zangu, likizo iliyopita nilitoka Mbale, nikashika barabara ya Tirinyi hadi Iganga, na magharibi nikafika kwa mama, Jinja. Nilimkuta gizani, pesa za mita ya Yaka zilikuwa zimekwisha. Akaniuliza, "Mwanangu, wewe unayesoma, mto uko hapa na mabwawa yako hapa. Mbona umeme ni ghali hivi?" Sikuwa na jibu. Niliporudi chuoni nikaanza kulitafuta.

Ubia ni nini?

Serikali isipokuwa na fedha za kujenga kitu kikubwa, hupatana na kampuni binafsi. Kampuni hutafuta mtaji, hujenga, huendesha na kurudisha fedha zake kwa miaka iliyokubaliwa, kisha mali hurudi kwa umma. Ubia wenyewe si haramu. Tatizo huanza pale wanaolipa wasipojua walichokubaliwa kwa niaba yao.

Yaliyotokea Bujagali

Bwawa la Bujagali liko kilomita chache kutoka Jinja mjini. Kampuni ya kwanza kulishughulikia ilikuwa AES ya Marekani. Mkataba wa kuuziana umeme haukutolewa kwa wananchi, basi shirika la Greenwatch likaenda Mahakama Kuu. Mwaka 2002 Jaji Egonda-Ntende aliamua kwamba mkataba ule ni hati ya umma. Lakini Greenwatch haikupewa nakala, kwa sababu haikuthibitisha kuwa ni raia, na Ibara ya 41 ya Katiba inampa raia haki hiyo. Mwaka huohuo tuhuma za rushwa zilikwamisha fedha za Benki ya Dunia, na mwaka 2003 AES ikajitoa.

Baadaye Bujagali Energy Limited ilianza ujenzi mwaka 2007, na bwawa la megawati 250 likazinduliwa Oktoba 2012. Tuseme haki: mgawo mkali wa umeme ulipungua. Lakini mkataba unataka mitambo ilipiwe kwa kuwa tayari kuzalisha, hata kama umeme wote hautumiki. Mwaka 2018 ilibidi deni lipangwe upya na muda wa kulipa urefushwe, ili bei ishuke. Kwa hiyo sehemu ya bei anayolipa mama iliamuliwa miaka mingi nyuma, katika karatasi ambayo hakuiona.

Dini yetu inasemaje?

Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, Al-Baqara 282, inahusu kuandika deni na kuweka mashahidi. Na katika Bukhari na Muslim tunasoma habari za Ibn al-Lutbiyya, mkusanya zaka aliyerudi na zawadi zake binafsi. Mtume (s.a.w.) alimkemea mbele ya watu, akahoji kama angezipata zawadi hizo lau angekaa nyumbani kwa wazazi wake. Maandishi, mashahidi na hesabu ya wazi: huo ndio uwajibikaji.

Maswali matatu

Kila mkataba wa umma tuuulize hivi:

1. Mshirika alichaguliwa kwa ushindani au kwa kujuana?
2. Mambo yakiharibika, hasara itabebwa na nani?
3. Nani anaruhusiwa kuusoma, na nani anaukagua?

Uganda ina Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2005 na Sheria ya Ubia ya mwaka 2015. Sheria bila raia wa kuuliza ni kama mita isiyo na pesa.

Tuanzie kwetu. Mwaka jana nilikuwa katika kamati ya futari. Tulimpa mpishi kazi ya mwezi mzima kwa kauli tu. Bei ilipopanda katikati ya Ramadhani, hakuna aliyekuwa na karatasi ya kuonyesha, na wanafunzi wakalipa zaidi. Mimi nilikuwemo, na sikuuliza. Kesho wengine wetu tutakuwa mawakili, wahasibu na wakuu wa wilaya. Tabia tuliyo nayo leo ndiyo tutakayokwenda nayo ofisini.

Nilipompigia mama simu kumweleza haya, alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Basi siku ukipewa kalamu ya kusaini, nikumbuke."

Allah atujaalie tuwe wenye kutunza amana. Amin.