SOMO LA SAYANSI: METALI INAYOYEYUKA MWILINI NA NAMNA YA KUICHUNGUZA

Mwaka jana kaka yangu alivunjika mguu akicheza kandanda. Akatiwa bamba la chuma cha pua na skrubu sita. Mfupa uliunga vyema, lakini baadaye aliambiwa arudi apasuliwe tena ili vyuma vitolewe. Mama alishika tama. Pesa za upasuaji wa pili zitatoka wapi? Nami nikajiuliza, kwani hakuna metali ambayo ikimaliza kazi hujiondokea yenyewe? Nilisoma, nikamsumbua mwalimu wa Kemia, na haya ndiyo niliyoyapata.

1. Metali yenyewe

Ipo, tena tunaijua. Ni magnesiamu, ule utepe tunaouchoma maabarani ukatoa mwanga mkali. Ikiwa mwilini, huungana na maji ikatoa haidroksaidi ya magnesiamu na gesi ya haidrojeni. Chumvi iliyo katika damu huharakisha kazi hiyo. Mwili hauiogopi magnesiamu, kwa sababu imo katika mifupa yetu na hata katika sukuma wiki. Skrubu za aina hii ziliidhinishwa Ulaya mwaka 2013.

2. Taabu ni mwendo

Mfupa huhitaji wiki nyingi ili uunge. Metali ikiisha mapema, mfupa hubaki bila mshikizi. Mwanzoni mwa karne ya 20, daktari Albin Lambotte wa Ubelgiji aliunga mguu kwa bamba la magnesiamu akalikaza kwa misumari ya chuma. Lo! Siku 8 tu, bamba likasambaratika na gesi ikajaa chini ya ngozi. Sababu ni kwamba metali mbili zikigusana ndani ya maji ya chumvi huwa kama betri, na magnesiamu ndiyo inayoliwa.

Sasa tupige hesabu ya moli. Gramu 24 za magnesiamu hutoa lita 24 za haidrojeni katika halijoto ya chumbani. Basi gramu 1 hutoa lita 1. Skrubu ya nusu gramu itatoa nusu lita, sawa na chupa ya soda! Ikitoka polepole, damu huibeba. Ikitoka kwa fujo, ngozi huvimba.

3. Vihisi

Daktari atajuaje mwendo huo bila kupasua? Eksirei husaidia, lakini mgonjwa hawezi kupigwa eksirei kila siku. Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Dalili ya magnesiamu kuyeyuka ni haidrojeni. Gesi hii ina molekuli ndogo mno, kwa hivyo hupenya hadi juu ya ngozi. Huko hunaswa kwa njia mbili:

(a) Kihisi cha umeme. Ncha yake huwekwa juu ya ngozi. Haidrojeni ikiifikia hutoa elektroni, na mkondo wa umeme hupimwa. Mkondo ukiwa mkubwa, ujue metali inaisha upesi.

(b) Kihisi cha rangi. Ni utando mwembamba wenye oksaidi ya molibdenamu, pamoja na paladiamu kama kichocheo. Ukikutana na haidrojeni hugeuka buluu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Cincinnati, Marekani, waliujaribu kwa panya na kutangaza matokeo mwaka 2016. Hauhitaji hata betri, ni macho tu.

Kaka yangu angali na vyuma vyake mguuni, na mama angali anaweka akiba. Lakini wenzangu, tusidharau ule mlio wa "pop!" tunaousikia tukipima haidrojeni maabarani. Gesi ile ile inaweza kumwambia daktari kama mguu wa mtu uko salama.

ZOEZI

1. Kwa nini bamba la Lambotte liliisha haraka?
2. Skrubu ya gramu 0.3 itatoa haidrojeni kiasi gani?
3. Je, ungependa metali iyeyuke haraka au polepole? Jadili na mwenzako.