Dawa Inapodhuru Ngozi

Dawa ni rafiki wa mgonjwa, lakini mara chache sana yaweza kumdhuru yule yule inayemtibu. Yafaa kila mtu azijue dalili za madhara hayo, kwa maana anayechelewa aweza kupoteza macho au uhai.

Ugonjwa wenyewe huitwa Stevens-Johnson, kwa majina ya madaktari wawili wa Marekani walioueleza mwaka 1922. Kinga ya mwili huidhania dawa kuwa adui, ikaishambulia ngozi ya mwenyewe hata ikafa na kubanduka.

Dawa zinazojulikana kwa jambo hili ni za jamii ya salfa, baadhi ya dawa za kifafa kama karbamazepini na fenitoini, nevirapini ya virusi vya UKIMWI, na alopurinoli ya jongo. Kenya ilipata fundisho lake kwa thiasetazoni, dawa ya kifua kikuu. Mwaka 1991 madaktari walitangaza kwamba wagonjwa wa Nairobi wenye virusi vya UKIMWI walidhurika ngozi kwa dawa hiyo kupita wenzao, na baadhi yao walikufa.

Mara nyingi dalili huanza kati ya siku ya 4 na ya 28 tangu kuanza dawa. Mgonjwa hushikwa na homa, koo humwuma, na macho huwaka. Kisha hutokea madoa yenye maumivu, malengelenge, na vidonda midomoni. Wengi hudhani ni surua, wakaendelea kumeza dawa ile ile. Hapo ndipo penye hatari.

Basi afanyeje? Aache dawa hiyo, aende hospitali siku ile ile, naye achukue pakiti za dawa zote alizomeza. Asitumbue malengelenge wala asipake majani. Hospitalini atatunzwa kama aliyeungua moto: atatiwa maji mshipani, vidonda vitafunikwa, na macho yatasafishwa kila siku. Mwenye kifafa asikae bila dawa. Daktari atamchagulia nyingine.

Akiisha kupona, jina la dawa iliyomdhuru liandikwe katika kadi yake, naye amtajie kila tabibu. Asiimeze tena kamwe, kwani mara ya pili yaweza kumwua.

Tusiziogope dawa, maana huponya wengi. Lakini tusimeze dawa tusiyoijua jina.