Askari wa Zamani Asiyeweza Kazi Tena: Jinsi ya Kutayarisha Madai Yake



Somo la safari hii linatupeleka mbali, mpaka Marekani. Tunataka kutazama madai ya askari aliyeumia jeshini, akarudi uraiani, akaingia kiwandani au shambani, na mwishowe mwili au akili vikamshinda kazi. Wako vijana wa nchi zetu waliohamia huko na kuvaa sare za jeshi hilo, kwa hiyo jambo hili limeshaingia katika baadhi ya nyumba zetu. Lakini iko sababu ya pili ya kulichagua. Madai haya mzizi wake uko jeshini, ila mara nyingi hushinda au huanguka kwa ushahidi wa mahali pa kazi: saa ulizofanya, siku ulizokosa, kazi uliyobadilishiwa, na maneno yaliyoandikwa siku ulipoondoka. Mambo hayo mfanyakazi anayajua vizuri kuliko mtu wa ofisini.

Tuanze na mpango wenyewe. Idara ya serikali inayoshughulikia askari wa zamani hupima kila ulemavu uliotokana na utumishi kwa asilimia, na malipo ya kila mwezi hufuata asilimia hiyo. Mtu aliyepimwa 70 huhesabiwa kuwa bado anaweza kujitafutia riziki kwa kiasi fulani. Je, kama hawezi kabisa? Hapo kanuni namba 4.16 inaruhusu alipwe kama mtu wa asilimia 100, ingawa kipimo chake kinabaki palepale. Tofauti si ya senti chache. Kwa mtu asiye na wategemezi, malipo ya 100 yanapita mara mbili ya malipo ya 70.

Mlango wa kwanza ni wa hesabu. Awe na ulemavu mmoja uliopimwa angalau 60. Au awe na zaidi ya mmoja, mmojawapo ukiwa angalau 40, na jumla ifike 70. Angalieni jumla hiyo, maana haijumlishwi kama vile tunavyojumlisha magunia. Mwenye 50 na 30 hapati 80. Huchukuliwa 50 kwanza, ikabaki nusu ya mtu. Kisha asilimia 30 ya nusu hiyo ni 15. Jumla 65, nayo hupandishwa kuwa 70. Huyo amefika mlangoni. Tena, majeraha yaliyotokana na ajali moja, au yale ya miguu yote miwili, huweza kuhesabiwa kama ulemavu mmoja. Na asiyefikisha hesabu hajafungiwa kabisa: kanuni hiyo hiyo inaruhusu jalada lake lipelekwe kwa mkurugenzi wa malipo makao makuu. Njia hiyo ni ndefu, lakini ipo.

Mlango wa pili ndio mgumu, nao ni kuonyesha kwamba ulemavu huo wa jeshini unamzuia kupata na kushika kazi ya kumlisha. Si kazi yoyote ile. Mtu anayepata vibarua vya hapa na pale, mapato yake ya mwaka yakawa chini ya kiwango cha umaskini ambacho serikali ya Marekani hukitangaza kwa mtu mmoja, hahesabiwi kuwa na kazi ya namna hiyo. Vivyo hivyo aliye katika kazi ya kuhurumiwa, kwa mfano duka la kaka yake ambako analala nusu ya siku na mshahara haukatwi, huweza kuhesabiwa kuwa hana kazi hiyo hata kama mshahara wake ni mkubwa zaidi. Umri nao hautiliwi maanani, wala ugonjwa usiotokana na jeshi. Daktari akiandika kwamba mgonjwa ni mzee, ana kisukari kisichohusiana na utumishi na mgongo ulioumia jeshini, basi hawezi kazi, ameyachanganya, na Idara inaweza kuuliza: ni kipi hasa kinachomzuia?

Mwaka 2019 mahakama ya rufaa ya madai ya askari wa zamani, katika kesi ya Ray dhidi ya Wilkie, ilieleza mambo yanayopaswa kutazamwa. Kwanza ni historia ya mtu: elimu, ujuzi, mafunzo na kazi alizowahi kufanya. Pili ni uwezo wa mwili: kunyanyua, kuinama, kukaa, kusimama, kutembea, kupanda, kushika. Tatu ni uwezo wa akili: kukumbuka, kuweka mawazo mahali pamoja, kuvumilia mabadiliko na shinikizo la kazi, kupatana na wenzake. Kwa maoni yetu hii ndiyo ramani ya kutayarishia madai yote.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mtu alikuwa akipakia makreti katika kiwanda cha nyama. Goti na mgongo viliumia jeshini, na usiku halali kwa ndoto za vita. Katika maelezo yake akiandika, "Nina maumivu makali, siwezi kazi," hajamwambia karani kitu. Na aandike hivi: "Zamu ilikuwa saa nane, tumesimama juu ya sakafu ya saruji. Mwaka wa mwisho nilikuwa nasimama dakika ishirini, kisha naketi juu ya kreti. Kreti lilikuwa na kilo ishirini na tano, mwenzangu alininyanyulia. Mara mbili niligombana na msimamizi kwa sababu ya kelele za mashine. Nilikosa siku nne au tano kila mwezi." Kila sentensi hapo inagusa mojawapo ya mambo yale ya mahakama.

Fomu ya madai ni namba 21-8940. Inauliza kazi za miaka mitano ya mwisho aliyofanya kazi, saa kwa wiki, muda aliopoteza kwa ugonjwa, mapato makubwa kabisa ya mwezi, tarehe ulemavu ulipomshinda, elimu yake, na kama amejaribu kutafuta kazi tangu hapo. Tarehe zilingane na hati za mishahara. Ni bora kukaa siku tatu ukitafuta karatasi kuliko kukisia.

Kisha iko fomu ambayo wengi huisahau, namba 21-4192. Hii hujazwa na mwajiri wa mwisho. Anaulizwa muda uliopotea kwa sababu ya ulemavu, unafuu wowote aliompa mfanyakazi, na sababu ya kuondoka. Hapa ndipo tunapoona hatari. Msimamizi mwema alimpa kazi nyepesi, akamruhusu kupumzika, akafumba macho alipochelewa, lakini hakuandika popote. Siku ya kuondoka, karani akaandika "aliacha kwa hiari yake". Miaka mitatu baadaye msimamizi amehama, na karatasi inasema mtu alikuwa mzima akajiondokea. Ndiyo maana anayeona kazi inamshinda anapaswa kuomba unafuu huo kwa barua, abaki na nakala, na siku ya kuondoka adai sababu ya kweli iandikwe. Mwajiri akikataa kujibu, au kiwanda kikiwa kimefungwa, mdai alieleze hilo kwa maandishi.

Na hapa wenzake wa zamu wana kazi. Aliyemnyanyulia makreti anaweza kuandika maelezo ya shahidi, aseme aliyoyaona kwa macho yake na lini. Asijifanye daktari. Mwakilishi wa chama naye aliyeshughulikia lalamiko au likizo ya ugonjwa ana kumbukumbu katika faili lake. Barua ya daktari, kwa upande wake, ifungamane na kazi: anaweza kukaa muda gani, kunyanyua kilo ngapi, kwa sababu ya ulemavu upi. Neno tupu "hafai kazi" lina uzito mdogo, kwa sababu uamuzi huo ni wa Idara.

Vyama vya askari wa zamani kama American Legion na Disabled American Veterans husaidia bila malipo, na sheria inakataza kumtoza mtu ada kwa kumtayarishia madai ya mara ya kwanza. Anayetaka pesa mapema aepukwe. Ambaye karatasi zake hazijatimia apeleke kwanza taarifa ya nia ya kudai, fomu 21-0966. Humhifadhia tarehe kwa mwaka mmoja. Akikataliwa, anao mwaka mmoja tangu barua ya uamuzi kuleta ushahidi mpya, au kuomba afisa wa juu atazame upya, au kwenda Baraza la Rufaa. Mwaka ukipita bado anaweza kuleta ushahidi mpya, lakini kwa kawaida tarehe ya zamani, pamoja na malimbikizo yake, imepotea.

Aliyekubaliwa naye asiogope kujaribu kazi hali ikipata nafuu. Malipo hayapunguzwi kwa sababu tu amepata kazi, mpaka awe ameishika miezi 12 mfululizo.