Mwalimu wa Barazani: Habari za Bibi Trowell

Nimepewa nafasi ya kuandika habari za mwalimu mmoja, nami nimemchagua mwalimu ambaye hakunifundisha wala sikupata kumwona, kwa maana alikufa zamani kabla sijazaliwa. Jina lake ni Margaret Trowell. Wengi wetu tumelisikia jina hilo, kwa kuwa shule ya sanaa ya Makerere ilipewa jina lake. Lakini nilipouliza darasani kwetu huyo Trowell alikuwa nani, mmoja alisema alikuwa gavana, na mwingine akaapa kwamba ni bwana fulani tajiri aliyetoa fedha za kujengea. Ndipo nikaona si vibaya kueleza.

Bibi huyu alizaliwa London mwaka 1904. Alijifunza uchoraji katika shule ya Slade, kisha akasomea ualimu huko huko. Mwaka 1929 alikuja Kenya pamoja na mumewe, Daktari Hugh Trowell, wakakaa katika nchi ya Wakamba. Huko ndiko alikoanza kupenda vitu ambavyo wageni wengi walivipita bila kuvitazama, yaani vikapu, vibuyu, vyungu na vigoda. Alitaka kujua vinafanywaje, kwa mti gani, kwa udongo gani. Mwaka 1935 mumewe alikuja Kampala kufanya kazi ya udaktari Mulago, naye Bibi akaja na mapenzi yake yale yale.

Mwaka 1937 akaanza kufundisha watu kuchora, barazani kwa nyumba yake Mulago. Naomba msomaji asimame kidogo hapo. Hapakuwa na jengo wala kibao. Ilikuwa baraza ya mke wa daktari, yenye karatasi na rangi, na wakati ule kuchora hakukuhesabiwa kuwa somo la kumpatia kijana kazi. Hata hivyo, mwaka 1939 picha za wanafunzi wake zilionyeshwa London, na darasa lile likaingia Makerere likawa shule kamili. Aliiongoza mpaka alipostaafu mwaka 1958.

Namna yake ya kufundisha ilikuwa hivi. Hakuwapa wanafunzi picha za Ulaya waziige. Aliwasimulia jambo kwa maneno, wao wakalitafuta katika mawazo yao mpaka waione picha vichwani mwao, ndipo washike brashi. Aliamini kwamba mtu ana vya kutosha ndani yake na katika kijiji chake, na kazi ya mwalimu ni kumfanya avitazame.

Mimi najua maana ya jambo hili kwa sababu ya dohani. Nimezaliwa na kukulia katika kambi ya polisi hapa Kampala, katika nyumba ya bati ya mviringo kama debe. Lakini nilipokuwa mdogo, kila nilipoambiwa nichore nyumba, nilichora nyumba ya pembe nne yenye dohani juu, na moshi unapanda. Sikupata kuona dohani hata moja! Niliitoa kitabuni, na kila mara nilipewa alama nzuri. Mwaka jana mwalimu wetu mmoja alijaribu njia ya Bibi Trowell. Alituambia tufumbe macho, akasema polepole: ni jioni, mvua inaanza, mama anaanua nguo. Basi, nikasikia mvua ile inavyopiga bati la kambini hata watu wasisikilizane. Nilichora. Mikono ya mama ilikuwa mikubwa mno, na mwalimu alinipa alama za katikati tu. Lakini mama alipoiona picha alicheka, kisha akauliza kwa nini nimechora lile beseni lake lililopasuka. Alikuwa amelitambua.

Hata hivyo sitaki kumsifu Bibi Trowell kama mtakatifu. Katika jambo moja nadhani alikosea. Aliogopa kwamba picha za kigeni zingewaharibu wanafunzi wake, kwa hiyo hakupenda wazione mapema. Lakini yeye mwenyewe alikuwa amezitazama tangu ujana wake London. Mtu aliyeshiba anaamuaje kwamba mwenzake asionje? Na nani alimpa haki ya kusema lipi ni la Kiafrika na lipi silo? Cecil Todd, aliyeshika shule baada yake, aliufungua mlango huo, akawafundisha wanafunzi habari za sanaa ya ulimwengu wote. Nami naona Sam Ntiro anatosha kuwa jibu. Yeye alizaliwa Machame, Kilimanjaro, akafundishwa na Bibi Trowell, kisha akaenda kusoma Slade, shule ile ile ya mwalimu wake. Je, aliharibika? Alirudi akaendelea kuchora Wachaga wakilima na kuvuna katika migomba yao. Hofu ya Bibi ilikuwa kubwa kuliko hatari yenyewe. Lakini pia namkumbuka yule mtoto wa dohani, na siwezi kusema kwamba hofu ile haikuwa na sababu.

Vile vikapu hakuviacha. Katika miaka ya 1940 alitunza Makumbusho ya Uganda, na mwaka 1953 yeye na Klaus Wachsmann walitoa kitabu kikubwa juu ya kazi za mikono za makabila ya nchi hii. Kitu alichokipenda nyumbani ndicho alichokifanyia kazi, na ndicho alichokifundisha. Alikuwa Mkristo wa kweli pia, naye alitamani kuona makanisa ya Afrika yakipambwa na Waafrika wenyewe. Mwanafunzi wa shule yake, Elimo Njau, alifanya hivyo mwaka 1959 katika kanisa la Mtakatifu Yakobo, Murang'a, akimchora Bwana Yesu amezaliwa katika nchi ya Wakikuyu.

Hapa Kampala tunayo kazi ya mwanafunzi wake mwingine, Gregory Maloba. Ni ile Sanamu ya Uhuru ya mwaka 1962, karibu na Speke Road: mama aliyefungwa vitambaa mwilini, amemwinua mtoto, na mtoto amenyosha mikono juu.

Mwezi uliopita nilimwambia baba kwamba nataka kusomea ualimu. Akaniuliza, "Mwanangu, mwalimu ana nini?" Sikuwa na jibu, kwa kuwa yeye ndiye alipaye karo, naye anawajua walimu wanaokopa dukani mpaka mwisho wa mwezi. Jumapili iliyofuata nilimwomba twende mjini, nikampeleka mbele ya sanamu ile. Alikuwa ameipita mara nyingi sana akiwa kazini. Safari hii aliizunguka taratibu, mikono nyuma, kama anayekagua gwaride.

"Huyu aliyeifanya," akasema, "mwalimu wake alilipwa kiasi gani?"

Nikamjibu, "Sijui, baba. Najua tu kwamba alianza barazani kwake."

Akaitazama tena. Kisha akasema tupande basi, na habari za fomu tutazungumza nyumbani, mama akiwapo.